Nilivyoandikisha watu mia saba kwenye barua ya email pale Embu, halafu wakaja na magunia

Wakuu, habari za humu.

Nimekuwa nikiusoma ule uzi wa kijana anayelia kwamba form ya website yake inaleta subscribers wengi lakini hakuna anayefungua email zake. Mmoja kamshauri abadilishe rangi ya button. Mwingine kasema aweke popup. Mwingine, agawe kitabu cha bure.

Nimeshindwa kunyamaza. Kunyamaza hakujawahi kuwa kipaji changu.

Ninayoleta hapa yalinipata mimi mwenyewe, na pale yanaponiaibisha nimeyaacha hivyo hivyo. Majina ya watu tu ndiyo nimebadilisha. Anayetaka tips za haraka ashuke hadi chini, ila asinilaumu akikosa utamu.

Haya.

Mwaka ulikuwa ule wa mwisho kabla ya elfu mbili, dunia nzima ikiogopa kwamba saa sita ya usiku ikigonga kompyuta zitarukwa na akili. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kwetu ni Nkubu, na computer packages nilisomea pale pale Nkubu, kwenye chumba chenye kompyuta tatu na wanafunzi kumi na wanane.

Baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu. Hata nyumbani tulimwita Mwalimu. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine, akapiga magoti kwa watu aliowahi kuwafundisha, mpaka akanipatia nafasi ya chuo cha ualimu.

Nikaikataa. Nikamwambia nimepata kazi ya kompyuta Embu.

Mwalimu aliniangalia, akachukua jembe lake akaenda shambani. Toka siku hiyo hakunisemesha tena. Nikija nyumbani wikendi, maneno yake yananifikia kupitia kwa mama. "Mwambie Karimi chai iko." Na Karimi ameketi hapo hapo, karibu hata kumshika mkono.

Kwa hiyo muelewe, ile kazi haikuwa kazi tu. Ikifa, nimekosa ualimu, nimekosa kompyuta, na Mwalimu amekuwa sahihi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ikinila.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu mjini Embu. Meza mbili, kompyuta moja, modem moja inayolia kama mbuzi aliyekanyagwa. Bosi alikuwa Bwana Njeru, aliyekuwa afisa wa kilimo miaka mingi, mtu mpole anayevua kofia hata akisalimia watoto.

Kila Jumatatu tulitoa barua ya email kwa wakulima: bei za mazao, hali ya mvua, wadudu gani wameonekana wapi. Mpwa wake aliyekuwa akisoma ng'ambo alitutengenezea website yenye form. Jina, unakotoka, email. Unabonyeza, umeingia kwenye list, barua inakujia.

Waliotulipia hayo yote walikuwa kanisa moja la huko mbali. Nao walisema hivi: kufikia Krismasi tuone wasomaji mia tatu. Wasipofika, tunafunga.

Form ilikaa hewani wiki tatu. Tukapata watu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa Bwana Njeru. Mwingine alikuwa mimi. Waliobaki wengi ni wanafunzi walio ng'ambo waliokuwa na hamu ya nyumbani, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyekuwa na shamba.

Nani alikuwa na email Embu siku hizo? Hata simu ya mezani ilikuwa ya kuomba kwa jirani, na ikinyesha laini inakatika.

Sasa mimi si mtu wa kungoja. Hata maji ya chai yakichelewa kuchemka nafunika, nafunua, nafunika, hadi mama ananifukuza jikoni. Wiki tatu za kuangalia namba kumi na moja zilinitoa jasho. Nilitembea kati ya zile meza mbili mpaka mwenye duka la mbegu akapiga dari yake kwa ufagio.

Ndipo nikapata wazo.

Wa umri wangu mnakumbuka mambo ya c/o. Kijiji kizima kina sanduku moja la posta, nalo ni la shule ya msingi. Barua inaandikwa jina lako, chini yake jina la shule, na asubuhi kwenye gwaride mwalimu mkuu anasoma majina, watoto wanazibeba nyumbani. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyopata habari za waliolazwa, walioolewa na walioitwa kazini.

Nikasema, kwani email si sanduku tu? Nitafungua anwani moja kwa kila soko. Watu wataandika majina kwenye karatasi, nami nitawajaza kwenye form ya website mmoja baada ya mwingine, wote kwa anwani ya soko lao. Jumatatu naprint barua, naituma na gari, inabandikwa dukani.

Wazo lilikuwa zuri, na hadi leo nalitetea. Form ilikataa anwani moja kutumika mara mbili, lakini mpwa wa Bwana Njeru nilipomweleza habari ya sanduku la shule alicheka sana, akaitoa ile kufuli. Shida ilikuwa mimi.

Nilianza na Kianjokoma. Kule ni watu wa kahawa na chai, na wameshaumwa na karatasi. Waliisoma form yangu mbele, wakaigeuza, wakasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. Mzee mmoja akaniuliza, "Hii sahihi yangu itaenda wapi? Sisi tumeshasaini vitu mingi, na hiyo vitu yote ilituacha hapa."

Mwingine, mwanamume wa makamo aliyevaa gumboots, alinikalia saa nzima akiuliza juu ya ugonjwa wa kahawa. Je, barua itasema dawa gani? Nani ameijaribu? Nikiuliza swali, litajibiwa na nani? Aliposaini nilikuwa nimechoka naye kabisa. Nilimwona msumbufu.

Siku nzima nikapata tisa. Watu tisa, na nikanyeshewa.

Mnaanza kuona kosa langu? Mimi sikuliona. Nilichoona ni kwamba Krismasi inakuja mbio na mimi nina watu ishirini.

Wiki iliyofuata nikashuka Ishiara, kwa Wambeere, kule chini kwenye joto. Mwaka huo mvua ilikuwa imewakwepa. Njiani niliona mashamba yaliyolimwa yakangoja, hayana hata jani. Nikafika sokoni nimevaa sketi ya ofisi, na mkononi nina ubao wenye klipu na biro mbili.

Sikuwa nimefungua mdomo. Niliinamia ubao kuandika tarehe tu, na nilipoinuka kulikuwa na foleni.

Foleni wakuu! Akina mama wamepangana kimya, mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyesukuma. Nikaeleza habari ya barua ya kila Jumatatu, nikaeleza kompyuta. Walinisikiliza kwa adabu, vile mtu anavyosikiliza sala kabla ya chakula. Kisha wa kwanza akataja jina lake. Akataja la mumewe. Akataja ya watoto wote watano, hadi aliyekuwa mgongoni.

"Andika na mama mkwe," akasema. "Hawezi kutembea lakini yuko."

Nikaandika. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Mimi moyo unaruka, nageuza karatasi tu.

Wa tano alikuwa mama wa miaka kama sitini, mwembamba, ameshika fimbo ya kuchungia mbuzi. Jina lake Marigu. Alitaja watu wa nyumba yake kumi, kisha akainama karibu na sikio langu ili asiniaibishe mbele ya watu, akauliza kwa upole:

"Sasa msichana, itakuja lini? Tukuje na gunia zetu ama mko na zenu?"

Hapo ndipo nikaelewa.

Kule chini, mgeni mwenye ubao wa klipu na biro amekuja kuandikisha mahindi ya msaada. Ndivyo ilivyokuwa kila ukame. Anakuja mtu, mnapanga foleni, mnaandikisha nyumba nzima kwa sababu mgao ni kwa vichwa, na baadaye lori linakuja. Habari ya barua na kompyuta waliichukua kama ile hotuba ambayo lazima itangulie.

Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema. Mama, hapa hakuna mahindi.

Niliangalia foleni. Ilikuwa imefika hadi kwa wauza kamba.

Nikasema, "Andikisheni kwanza, mama. Hayo mengine yatakuja baadaye."

Sikudanganya, nilijiambia. Sikutaja mahindi hata mara moja. Ukitaka kumjua mwongo aliyekomaa, ni yule anayehesabu maneno ambayo hakuyasema. Nilirudi Ishiara siku mbili zaidi za soko, nikamaliza madaftari manne. Watu mia saba.

Kuwaingiza kwenye form kulinichukua karibu wiki. Jina, Ishiara, anwani, bonyeza. Jina, Ishiara, anwani, bonyeza. Laini inakatika, modem inalia, naanza tena. Kila nikifika mia nasimama nazunguka meza.

Bwana Njeru alivua kofia. "Karimi, hawa wote wametoka wapi?"

"Ishiara."

"Ishiara wanapenda barua hivyo?"

"Wana kiu ya habari," nikasema.

Aliwapenda sana wakulima yule mzee. Alitaka iwe kweli, ikawa kweli. Wafadhili wakaandika kutupongeza, wakasema mradi wetu ni mfano kwa wengine.

Wikendi ile nikapanda kwenda Nkubu kama bibi arusi. Mama alikuwa ameshasikia, na alikuwa ameshamwambia Mwalimu. Tumeketi kula, Mwalimu akasukuma sahani ya nyama upande wangu, akakohoa.

"Na hiyo kazi inaendelea?"

Aliniambia mimi! Si mama. Mimi.

"Inaendelea vizuri, Mwalimu. Watu mia saba."

Akatafuna. Akafikiria. "Na wanasema nini, hao mia saba?"

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika, kuuliza, wala kulalamika. Nikasema ndio kwanza wanaanza kusoma. Nyama ikawa ngumu kinywani, na nikaona aibu kumwangalia.

Tangu siku hiyo sikutulia. Mwenye duka aliyekuwa akitubandikia barua Ishiara alinitumia ujumbe kupitia kwa makanga, utingo wa lile gari: watu wanauliza siku. Nilijua ni siku ya nini. Nikajifanya sijui. Gari likipiga honi nje nachungulia dirishani. Nikisikia miguu kwenye ngazi, nahesabu ni ya watu wangapi.

Na siku moja ya Alhamisi miguu ilikuwa mingi.

Waliingia akina mama saba. Wamekuja juu ya lori la makaa tangu alfajiri, nyuso zina vumbi jeusi, na kila mmoja amebeba magunia matupu yaliyokunjwa vizuri. Mbele yao Marigu na fimbo yake.

Aliponiona alitabasamu. Hilo tabasamu, wakuu, sijawahi kulisahau.

"Tumekupata," akasema. "Tulisema labda gari yenu imeharibika. Tukasema tujikujie wenyewe."

Bwana Njeru akawaletea benchi, akaongea nao Kiembu, wakamjibu kwa Kimbeere, na wakati wote huo mimi naangalia mlango. Mlango ungekuwa karibu ningetoroka. Nilimwona Bwana Njeru akielewa polepole. Akavua kofia, akaiweka mezani. Hakupaza sauti.

"Waambie wewe," akasema.

Nikasimama. Nikasema yale maneno manne. Yalikuwa yamechelewa miezi miwili na yalikuwa yameongezeka: Mama, hapa hakuna mahindi, na nilijua mnangoja mahindi, na niliwaandika tu.

Hakuna aliyelia. Ningependa wangelia. Mmoja alianza kukunjua gunia lake na kulikunja upya. Mwingine akasema aliuza kuku wake wa mwisho kupata nauli ya kurudia. Aliniambia hivyo tu, bila hasira, kama anayenieleza njia.

Marigu ndiye aliyesimama. "Jina yangu iko ndani ya hiyo mashine?"

"Iko, Cucu." Cucu ndivyo tunavyowaita nyanya zetu.

"Mimi si cucu yako. Toa."

Nikaketi, nikapiga simu ya modem. Nikafungua list. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu, na kwa sababu hakujua kusoma alinifanya nimsomee kila jina kabla ya kulifuta, na baada ya kulifuta alitaka kuona pale lilipokuwa pamebaki nini. Jina lake. La mkwe wake. Ya watoto. Wenzake nao wakaanza kutaja yao kutoka kwenye benchi.

Laini ikakatika mara mbili. Hakuna aliyeondoka. Modem inalia, akina mama wamekaa na magunia magotini, wanangoja watolewe.

"Kuna Nthiga," Marigu akasema mwishoni. "Mtoe pia."

Nikamtafuta Nthiga. Nikauliza ni nani wake.

"Mume wangu. Alikufa mwaka juzi. Nilisema kama mko na roho nzuri hamtaangalia sana."

Nikamfuta Nthiga. Nilibonyeza kwa haraka hadi nikafuta na aliyemfuata.

Nilidhani sasa wataondoka. Marigu alibaki amesimama anaangalia ile screen.

"Hiyo barua yenyewe inasemanga nini?"

Bwana Njeru akachukua ya Jumatatu ile, akawasomea akitafsiri. Kahawa, hawakusikiliza. Makadamia, wakapiga miayo. Akafika bei ya ndengu, yaani choroko, ya sokoni Embu. Benchi zima likainama mbele.

Mnaojua Mbeere mnajua ndengu ndiyo kila kitu. Karo ni ndengu, daktari ni ndengu. Na wakati wa mavuno mabroka huja na gorogoro zao, zile kopo za kupimia, zimegongwa chini zikatokeza tumbo nje zibebe zaidi, na bei wanataja wao.

"Soma tena hapo," Marigu akasema. Akasomewa. Akanigeukia, na sasa ndio alikuwa na hasira kwelikweli. "Na mbona hukutuambia ni hii? Ulikuja na kitu kama hii ukaificha nyuma ya mahindi?"

Nilitamani sakafu ifunguke niangukie kwenye mbegu.

"Niandike tena," akasema. "Mimi peke yangu. Na uandike vile nataka. Ndengu. Hiyo kahawa yenu sitaki kusikia. Na uandike ni katekista atanisomea, huyo anaendanga misheni kila Jumatatu. Huko kuna masista wako na mashine kama hii."

Form yetu haikuwa na mahali pa kuandika hayo. Nikayaandika kwa biro nyuma ya karatasi: anataka kuambiwa nini, na nani atamsomea. Wenzake watatu nao wakajiandika. Wengine watatu walichukua magunia yao wakashuka ngazi bila kwaheri, na walikuwa na haki.

Walipoondoka Bwana Njeru alirudisha benchi mahali pake. Kisha akasema, "Karimi, nimezunguka kule na baiskeli miaka ishirini. Wakiniona walikuwa wanatafuta kiti cha kunikalisha. Sasa wakiniona watatafuta gunia."

Angenipiga, ingeuma kuliko maneno hayo? Sidhani.

Hakunifukuza. Alinikalisha chini nikafuta Ishiara yote, kisha nikawaandikia wafadhili ukweli kwa mkono wangu. Kutoka mia saba na kitu tulibaki ishirini na wanne: kumi na mmoja wa website, tisa wa Kianjokoma, wanne wa Ishiara.

Jibu lilikuwa fupi na la heshima. Krismasi ikafika, tukafunga.

Nyumbani Mwalimu hakusema "nilikuambia." Alirudia kutuma maneno kupitia kwa mama. Nilichuma chai ya watu, nikafagia ua mpaka udongo ukabaki mwekundu. Bwana Njeru alikuwa ameniachia password ya email ya ofisi niwajibu watu wakiandika. Kwa wiki nyingi sikuwa na moyo wa kuifungua. Nani angeandika?

Mwezi wa kwanza unakaribia kwisha, miguu ilinipeleka yenyewe kwenye chumba kile nilichosomea kompyuta. Nikafungua.

Kulikuwa na jumbe tatu, zote kutoka misheni, zote za Jumatatu.

Wa kwanza: "Barua ya leo haijafika. Mama Marigu anauliza."

Wa pili: "Haijafika tena. Zile ndengu kidogo zilizopata mvua ya mwisho zimeanza kukauka. Mama Marigu anauliza."

Wa tatu ulikuwa wa siku ile ile: "Mabroka wamefika na gorogoro zao. Mama Marigu na wenzake watatu wamekataa kuuza mpaka wasikie bei kutoka kwako. Mabroka wanawacheka kwamba wanangoja kompyuta. Anauliza kama umekufa."

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma. Nikakimbia hadi kwenye simu ya kibanda, nikampigia Bwana Njeru kupitia kwa mwenye duka la mbegu. Mzee wa watu akaenda sokoni kwa miguu, akauliza wanunuzi watatu, akanipigia pale kwenye chumba cha kompyuta. Akaniambia pia yule msumbufu wa Kianjokoma amekuja mara mbili kugonga mlango uliofungwa.

Nikaandika barua yenye mstari mmoja: bei ya ndengu Embu, leo. Chini yake nikaongeza, "Sijafa."

Jioni nikampelekea Mwalimu zile jumbe tatu nilizoprint. Akavaa miwani. Alisoma na biro mkononi, mazoea ya kusahihisha, lakini hakuandika kitu. Akarudi juu akasoma tena.

"Huyu ni nani?"

Niliangalia kama mama yuko nyuma yangu. Hakuwepo. Alikuwa akiniuliza mimi.

"Ni msomaji wangu."

"Mmoja?"

"Na wenzake watatu."

Akavua miwani akaipangusa na shati. "Nimefundisha miaka thelathini na moja," akasema. "Siku nisipofika darasani watoto walikuwa wanashangilia mpaka chifu anasikia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama nimekufa."

Akanirudishia karatasi zangu.

"Rudi Embu," akasema. "Unangojwa."

Jumatatu iliyofuata misheni wakajibu, mstari mmoja kama wangu: "Wameuza kwa bei yako. Anasema sasa uandike habari ya mbuzi."

Tulihamisha modem sebuleni kwa Bwana Njeru na tukaendesha ile barua miaka sita bila mfadhili. List ilikua polepole sana, kwa sababu form yetu ilikuwa ndefu kuliko zote mtakazowahi kuona. Juu ya jina na email tuliongeza mistari miwili: unataka kuambiwa nini, na ni nani atakusomea. Asiyejibu hiyo miwili hatukumwandika, hata angekuwa mkuu wa wilaya. Na kabla ya kumpa mtu biro tulianza kwa kumwambia kitu ambacho hatuna.

Kwa hiyo kijana wangu wa popup, rangi ya button sijui. Labda inasaidia. Ila ukiahidi kitabu cha bure, watakuja wa kitabu, na lawama si yao. Umewapangia foleni ya mahindi. Angalia wale wachache wanaokusumbua kwa maswali, wale unaowaona wanakupotezea muda. Mimi wangu alivaa gumboots nikamnunia.

Kisha jaribu hivi. Nyamaza Jumatatu mbili. Usitume kitu. Uone ni nani atakayeuliza kama umekufa.

Huyo mmoja ndiye list yako. Wengine ni magunia.

Nimemaliza yangu. Kama kuna mtu humu wa Ishiara ambaye mama yake au nyanya yake alishuka ngazi zile na gunia bila kuaga, naomba aniandikie. Nina samahani ambayo haijapata mwenyewe mpaka leo. Na nyinyi wengine mliowahi kujaza list kwa njia za aibu, msiniache peke yangu hapa. Semeni na nyinyi.